Kilo Ileile, Chuma Tofauti

Kwenye yadi za chuma chakavu, iwe Gikomba mjini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, kila kitu huishia kwenye mizani. Springi ya lori iliyobeba mifuko ya saruji miaka kumi, dirisha lililong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, mota ya mashine ya kufulia, habu ya gurudumu, mguu wa kitanda: vyote hupanda hapo na kushuka vikiwa na jina moja tu, kilo. Muuzaji hana kosa. Mzigo wake unakwenda kwenye tanuru, na tanuru haliulizi kitu kilikuwa nini kabla ya kuyeyuka. Lakini fundi mwenye kibanda cha kazi nyuma ya nyumba, mwenye jiliwa moja, grainda moja na keekee inayoyumba, akisimama mbele ya lundo lile hatafuti uzito. Anatafuta kazi ambayo mtu mwingine amekwisha kuifanya: chuma kilichochanganywa kwa kipimo, tundu lililokerezwa kwa usahihi wa sehemu ya mia ya milimita, mota iliyosawazishwa isitetemeke. Kazi hiyo yeye hawezi kuifanya kwake, na katika vifaa vipya vya bei ya chini mara nyingi haikufanywa kabisa. Ndiyo maana nasema njia ya maana zaidi ya kuboresha zana za karakana ya nyumbani ni kuzipa viungo vilivyotoka kwenye mashine kubwa zilizokufa. Sharti ni moja: fundi ajue kiungo kilitoka wapi na kilikuwa kinabeba nini. Asipojua hilo, hana tofauti na mizani.

Tuanze na springi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Chukua kipande cha chuma bapa cha dirisha na kipande cha springi ya lori vyenye upana mmoja, vyote vina kutu. Kwa macho ni ndugu. Vigusishe kwenye jiwe la grainda penye kivuli, utaona si wa baba mmoja: chuma cha dirisha hutoa cheche ndefu zilizonyooka, chache zikipasuka, springi hutoa cheche fupi zinazochanua mwishoni kama maua ya mbigili. Kinachochanua ni kaboni. Chuma cha dirisha huwa nayo kama robo asilimia au chini ya hapo, springi inakaribia asilimia 0.6, na ndani yake mna kromiamu au silikoni kidogo. Tofauti hiyo inayoonekana ndogo ndiyo inayoamua kama chuma kitakubali kuwa kigumu. Ukipasha moto chuma cha dirisha ukakichovya, kitabaki kama kilivyokuwa, na patasi utakayotengeneza nayo itajikunja kwenye mninga siku ya kwanza. Springi ukiipasha mpaka sumaku iache kuishika, yaani kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi, ukaiongeza moto kidogo, kisha ukaizamisha kwenye mafuta yaliyopashwa vuguvugu, inatoka ngumu kiasi cha kuvunjika kama kioo. Hapo inabidi ipunguzwe ugumu: unaisugua ing'ae, unaipasha taratibu kutokea mgongoni, na unatazama rangi ikitembea kuelekea makali. Ikifika rangi ya majani makavu yaliyokolea, toa. Makali yatakata, na mwili hautavunjika ukigongwa nyundo.

Wahunzi wa huku hawakungoja mtu awafundishe hili. Upareni, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, chuma kiliyeyushwa na kuuzwa kwa majirani Wachaga. Baadaye waya wa chuma uliopanda na misafara kutoka pwani ukachukua nafasi ya chuma kile, na magari yalipofika, springi zao zikaingia kwenye moto uleule. Wahunzi wa Mamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, waliokuwa wakifulia Wamaasai mikuki na sime, hawakuona aibu yoyote kuhama kutoka chuma cha madini hadi chuma cha lori. Walichoangalia ni tabia ya chuma, jina la kitu kilikotoka halikuwahusu. Anayedhani kutumia viungo vya zamani ni desturi iliyoletwa na ugumu wa maisha ya leo angepaswa kuitazama sime kwa makini zaidi.

Hapa ndipo hoja ya kwanza ya wapingaji inapoingia, nayo ina uzito. Wanasema: chuma kilichofanya kazi kimechoka. Ni kweli, chuma huchoka. Springi inayopinda na kunyooka mamilioni ya mara huota nyufa ndogo zisizoonekana, na ufa mmoja ukiingia ndani ya patasi utafunguka siku ya kuchovya au, vibaya zaidi, siku ya kugonga. Hata hivyo uchovu huo haukai mahali popote ovyo. Hukaa pale penye mzigo mkubwa: katikati, lilipo tundu la boliti, na pale majani ya springi yanaposuguana. Ncha za jani kwa kawaida zimeteseka kidogo. Na ipo njia ya zamani ya kukagua isiyohitaji mashine. Kipande husafishwa mpaka king'ae, huzamishwa kwenye dizeli usiku kucha, hufutwa kikauke kabisa, kisha hupakwa chaki iliyosagwa. Penye ufa, dizeli iliyojificha hutoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mstari ukionekana, kipande hicho kikatwe hapo au kitupwe. Kwa hiyo jibu kwa wapingaji ni kwamba uchovu wa chuma hukaguliwa, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa patasi mpya ya bei ndogo iliyopakwa rangi nzuri ya fedha, ambayo hata aina ya chuma chake haikuandikwa popote.

Beringi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa yenyewe inasema inakotoka. Ukifuta grisi kwenye ubavu wake utakuta namba, na namba hiyo ni lugha moja inayosomeka Mombasa, Kigoma na Osaka. Chukua 6203. Tarakimu mbili za mwisho zinataja tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano, kwa hiyo 6204 ina tundu la milimita 20 na 6205 ina la 25. Hiyo 6203 ina milimita 40 kwa nje na unene wa 12, awe ameitengeneza nani. Chuma chake kina kaboni ya asilimia moja hivi na kromiamu asilimia moja na nusu, kigumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake. Sasa linganisha na keekee ya mezani ya bei ya chini kabisa, au kerezo la mbao lililochomelewa mtaani, ambapo shafti inazunguka ndani ya bomba lililopakwa grisi. Miezi michache bomba limelika, shafti inacheza, na tundu linalotobolewa linatoka na umbo la yai. Fundi huyo hahitaji mashine mpya. Anahitaji beringi mbili kutoka kwenye mota iliyoungua au pampu ya maji iliyotupwa, na nyumba mbili za kuzishikia. Azioshe kwa dizeli, azizungushe polepole kwa kidole akisikiliza: inayoteleza kimya inafaa, inayokwaruza au kusita haifai hata ikimeremeta. Asizizungushe kwa upepo wa kompresa kwa kufurahia mlio wake. Beringi iliyokauka huharibika hivyo, na ikipasuka, vipande hurukia uso.

Kwa mwenye kerezo la mbao kuna hazina kubwa kuliko beringi moja moja, nayo ni habu ya gurudumu la mbele la gari dogo. Tazama ilivyo: safu mbili za beringi zilizokwisha kubanwa kwa kipimo, shafti fupi nene, na sahani yenye boliti nne au tano zilizopangwa kwa duara kamili. Iliundwa kubeba kama robo ya uzito wa gari, ikapigwa na mashimo ya barabara, na bado ikazunguka bila kuyumba kwenye mwendo wa kilomita mia kwa saa. Gogo la mvule la kilo tano litaifanya nini? Boliti zilezile zilizoshika ringi zinashika sahani ya mbao, na juu ya sahani unafunga bakuli unalokereza. Fundi wa mtaani akitaka kutengeneza kiungo kama hicho kutoka mwanzo angehitaji kerezo la chuma ambalo hana, na akilipata angelipa gharama inayozidi thamani ya mashine yake nzima. Kwenye yadi, habu inauzwa kwa kilo.

Uzito wenyewe nao ni dawa, ingawa hapa kuna maneno machache tu ya kusema. Zana nyingi za bei ya chini hukosea kwa kuwa nyepesi. Grainda ya mezani inatembea juu ya meza, kerezo linatetemeka, na fundi analaumu mkono wake. Drami ya breki ya lori, au ringi yenye bomba nene lililosimamishwa katikati, inampa jiliwa au grainda mguu usiosogea. Chuma cha kumimina cha drami kina sifa ya kumeza mtetemo kuliko chuma cha kuchomelea, na ndiyo maana viwanda vimekitumia kwa miili ya mashine tangu zamani.

Mota ndiyo inayotaka tahadhari kubwa kuliko vyote, na ndipo wanaoshabikia chakavu wanaponyamaza haraka mno. Kwenye mashine kuukuu za kufulia, pampu na feni kubwa hupatikana mota ya induksheni: haina brashi, ina kapasita pembeni, na kasi yake hufungwa na umeme wenyewe. Kwa umeme wetu wa hezi 50, yenye ncha nne huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, yenye ncha mbili kama 2,850. Hii ni rafiki wa karakana. Ukiiwekea puli ya milimita 60 na kwenye kerezo ukaweka ya 180, mkanda unakupa mizunguko kama 480, inayofaa bakuli pana. Ukibadilisha puli unapata kasi nyingine kwa mti mwembamba. Aina ya pili, iliyojaa kwenye mashine za kufulia zinazofunguliwa kwa mbele, ina brashi za kaboni. Hiyo ikipewa umeme moja kwa moja bila mzigo na bila kidhibiti chake, haina mahali pa kusimama: hupanda kasi mpaka kupita mizunguko 12,000 kwa dakika. Sasa fanya hesabu kidogo. Jiwe la kunolea la milimita 150 likizungushwa mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 22 kwa sekunde. Mawe mengi ya mezani yameandikwa ubavuni kwamba mwisho wake ni mita 35 kwa sekunde. Lifunge jiwe lilelile kwenye mota ya brashi iliyoachiwa, ukingo utafika mita 94. Jiwe halitanoa, litapasuka, na vipande vyake vitakwenda upande aliosimama fundi.

Wako wanaotoa hitimisho kutoka hapo kwamba jambo zima liachwe. Nadhani wanakosea hatua moja. Hatari ya mota ile haikutokana na ukongwe wake, kwani mota mpya ya aina hiyo ingefanya vilevile. Ilitokana na mtu kuchukua kiungo bila kuchukua habari zake. Kwenye ubavu wa mota nyingi kuna kibati chenye volti, wati na mizunguko, na fundi anayenunua mota isiyo na kibati, kisha akaifungia jiwe, amenunua kitendawili. Pamoja na kibati yako mambo mengine yasiyojadiliwa: kinga ya chuma juu ya jiwe, waya wa ardhi uliofungwa kwenye mwili wa mota, na swichi inayofikika kwa mkono wa kushoto. Jiwe lenyewe lisinunuliwe kuukuu. Hata jipya litundikwe kwenye kidole na kugongwa kwa mpini wa bisibisi. Lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio mfu.

Kuna viungo ambavyo hata mwenye habari zote angefanya vyema kuviacha. Transfoma ya oveni ya mikrowevu ni mojawapo: hutoa volti zaidi ya 2,000 zenye nguvu ya kuua papo hapo, na kapasita iliyo jirani yake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Huko Marekani makumi ya watu wamekufa wakiitumia kuchora michirizi ya moto juu ya mbao, hadi chama cha wakerezaji wa mbao cha nchi hiyo kikapiga marufuku ufundi huo kwenye shughuli zake. Kompresa ya friji nayo huwavutia wengi kwa kuwa hutoa upepo bila kelele. Lakini kukata mabomba yake ovyo kunaachia gesi iliyomo. Zile za zamani hula tabaka la ozoni, R134a huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, na R600a ya friji nyingi za siku hizi ni gesi inayowaka, jirani kabisa na ya kupikia. Fikiria mtu akikata bomba hilo karibu na cheche za grainda! Fundi wa friji mwenye kifaa cha kunyonya gesi ndiye wa kuitoa. Na chochote chenye mng'ao wa zinki, kama bomba la maji au bati, kikichomelewa bila kuondolewa zinki hutoa moshi mweupe unaomlaza fundi na homa usiku.

Hoja ya bei tuipe haki yake. Grainda na drili zinazoletwa kutoka Uchina zimeshuka bei kiasi kwamba mtu anaweza kuuliza kuna haja gani ya kuloanisha beringi kwenye dizeli. Kwa fundi anayelipwa kwa siku, siku mbili za kutengeneza kerezo ni siku mbili bila mshahara, na hesabu hiyo haifichiki. Ningekubali kabisa kwamba vifaa vya kupimia, biti za keekee, miwani ya kinga na mawe vinunuliwe vipya, bila kujadiliana. Hata mashine yenyewe, mara nyingi, inunuliwe mpya ya bei ya chini. Lakini iangalie mashine hiyo ilipopunguziwa gharama: mota yake inafaa, mwili wake ni wa bati, beringi zake ni ndogo, mguu wake ni mwepesi. Kasoro hizo ndizo hasa yadi ya chakavu inazoweza kuziba. Mtu hatengenezi mashine nzima kutoka kwenye lundo. Anachukua mashine dhaifu na kuitia mifupa. Saa nne za kazi zikiondoa mtetemo utakaomsumbua miaka mitano, si saa zilizopotea. Na wanaosema huku ni kujitia umaskini wajue kwamba Mmarekani David Gingery, kuanzia miaka ya 1980, aliandika mfululizo wa vitabu vya kufundisha jinsi ya kujenga karakana ya vyuma kwa alumini chakavu iliyoyeyushwa kwa mkaa, na hadi leo wenzake wa huko huwinda mota za mashine za kukimbilia mazoezini ili wazungushe mikanda ya kunolea visu. Hao hawakukosa duka.

Hoja nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, haihusu chuma wala umeme. Inahusu kiungo kilitoka kwa nani. Kipande cha reli ndiyo fuawe nzuri kuliko zote ambayo fundi mdogo anaweza kuipata, na ndicho kipande ambacho ni vigumu zaidi kueleza kilifikaje sokoni. Kenya ina sheria ya chuma chakavu ya mwaka 2015 inayotaka wafanyabiashara wawe na leseni. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na sehemu kubwa ya nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara nzima ya chakavu kwa miezi kadhaa, ikiwatuhumu wezi wa vyuma. Mafundi wengi wa jua kali wasiokuwa na hatia waliumia. Hapa pia jibu ni lilelile la habari: muuzaji asiyeweza kusema springi ilitoka gari gani hawezi pia kusema kama ni ya wizi. Anayenunua kwenye gereji, mbele ya gari lililofunguliwa, akapewa risiti hata ya mkono, anapata vitu viwili kwa bei moja: historia ya chuma na usalama wake mwenyewe polisi wakipita. Fuawe ya reli waachiwe wenye reli. Kipande kinene cha ekseli ya lori kilichosimamishwa wima ndani ya gogo kinafanya kazi hiyo vizuri, na kinaelezeka.

Tatizo linalobaki ni la nyumbani. Viungo vikifika karakanani, vikirundikwa pembeni, miezi sita tu vinakuwa tena lundo la kilo. Hakuna anayekumbuka ile shafti ilikuwa ya nini au ile mota ilizunguka mara ngapi. Mkebe mdogo wa rangi nyeupe na brashi nyembamba vinatosha. Andika juu ya kitu chenyewe siku hiyohiyo: habu ya mbele, gari dogo; mota 1,450, kapasita nzuri; springi ya lori, ncha ya jani la tatu, imepakwa chaki, haina ufa. Kipande ambacho rangi yake imefutika na hakuna anayejua habari zake, kirudi yadi kikapimwe.